Nusu ya Boneti

Shemeji yangu huzima mashine mara mbili. Anaizima kwenye swichi yake, kisha anaufuata waya hadi ukutani na kuchomoa plagi, kisha anarudi kuitazama kana kwamba inaweza kumgeuka. Akisharidhika na mashine, anakuja kwangu. Mimi wakati huo nimeinamia cherehani na sina habari naye, lakini lazima aniulize: "Shemeji, umeniona nimechomoa?" Humjibu kwamba nimemwona, hata kama sikumwona, maana nikisema sikumwona atarudi tena ukutani na hatutafunga karakana.

Watu wanamwita Taratibu. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kumsubiri, wala halikumuudhi. Nadhani hata dada yangu, ambaye ndiye mkewe, ameanza kulisahau lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ni kufufua rangi za magari. Gari likikaa juani miaka nenda rudi linapauka, ukiligusa unabaki na unga kiganjani. Wenye haraka hulipeleka likapakwe rangi upya. Wengine humletea Taratibu. Yeye analiosha, analikausha, halafu kwa mashine yake ya kung'arishia anaiondoa ile ngozi ya juu iliyokufa, na rangi ya zamani inatokea chini yake ikiwa hai. Mimi nashona viti vya magari upande wa pili wa karakana hiyohiyo. Namwona kutwa nzima, kuliko hata mkewe anavyomwona, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mtu mwenye wasiwasi kama yule sijapata kumwona. Kabla hajaligusa gari anavua mkanda, saa na pete ya ndoa, anavitia kwenye kopo la maziwa lililo juu ya rafu, asije akaegemea bodi na kuikwaruza. Waya wa mashine anaupitisha begani usiburuzike juu ya rangi. Kila ukingo wa mlango na kila mkunjo wa bodi anaubandika utepe wa karatasi, kwa sababu ukingoni ndiko rangi ilipo nyembamba, na mashine ikipita hapo kwa pupa inaila yote mpaka inaonekana praima, ile rangi ya kijivu ya chini. Likishatokea hilo, hakuna cha kufufua tena. Lilimtokea mara moja tu, alipokuwa mgeni wa kazi, kwenye mlango wa gari la watu, na mpaka leo hajapona. Nikimwambia hayo yalishapita, ananijibu, "Yamepita kwako, shemeji. Mimi bado naisikia harufu ya ule mlango."

Baba yangu hakumpenda. Bora niseme hivyo kuliko kuzungukazunguka. Baba aliendesha malori maisha yake yote, ni mtu wa sauti kubwa na wa kuamua papo kwa papo, na siku dada alipomleta nyumbani mwanamume anayeuliza mara tatu avue viatu wapi, Baba alinivuta jikoni akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Huyu ndiye? Hakukuwa na wengine?"

Hata hivyo alijaribu kumfundisha kuendesha gari, kwa lile gari lake jekundu alilolinunua alipostaafu. Walifika kwenye makutano ya barabara kuu, Taratibu akasimama kusubiri barabara iwe tupu. Barabara haikuwa tupu. Wakakaa pale, magari nyuma yanapiga honi, mpaka Baba akafungua mlango, akashuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Taratibu alikuja kupata leseni baadaye kabisa, kwa mwalimu mwingine aliyejaliwa subira, lakini haitumii ila kwa kuyatoa magari karakana na kuyarudisha. Tangu siku ile ya makutano Baba akamwita "mpiga kiwi". Hata mbele ya mtoto. "Mpiga kiwi hajambo?" ataniuliza, na mimi hucheka, kwa sababu Baba akitaka ucheke, unacheka.

Mtoto ninayemsema ni binti yao, mmoja tu, yuko darasa la pili. Shule yake iko ng'ambo ya barabara kuu na dada huingia kazini alfajiri, kwa hiyo kila asubuhi babu ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa gari. Mtoto anakaa kiti cha mbele, juu ya mto niliomshonea ili aone nje. Babu alimpachika jina la Kondakta. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, hawa wawili. Ukimtafuta mmoja unampata mwingine.

Sasa siku moja Baba akaja karakana na gari lake, akapiga honi mbele ya mlango wakati sote tunamwona, akashuka.

"Mpiga kiwi! Leo nimekuletea kazi. Rangi imekufa hii. Gari limekuwa jeupe kama unga, naona haya kulipaki mbele za watu."

Taratibu akalitazama gari, akamtazama Baba, akalitazama tena gari. "Limefifia, Baba, ni kweli. Ila kusema jeupe..."

"Wewe ni fundi au ni wakili?"

"Nimenyamaza, Baba."

"Na kioo cha mbele mkisugue vizuri. Kila nikioshesha wanaacha sabuni. Nimechoka kuwaambia."

Baba alipoondoka, Taratibu alinijia na kitambaa mkononi. "Shemeji, wewe unaliona jeupe?"

Gari lilikuwa limepauka, rangi imegeuka ya matofali ya zamani, kwenye boneti na juu ya paa imekaribia waridi. Jeupe halikuwa. Kioo nacho kilikuwa safi. Lakini nilikuwa na seti ya viti vya watu vya kumaliza, nikamwambia, "Mimi naliona la Baba. Fanya kazi."

Hofu ya kwanza ilikuwa ni rangi yenyewe. Magari ya siku hizi yana koti la juu lisilo na rangi, ukilisugua unasugua hilo. Gari la Baba ni la zamani, halina koti hilo. Ukilisugua unasugua wekundu wenyewe, sponji inatoka nyekundu kana kwamba umemjeruhi mtu. Na Baba kwa miaka alikuwa akilifuta kwa kitambaa chenye dizeli, ati linang'aa. Lilikuwa liking'aa siku ile na kuchakaa siku zote. Taratibu alilipapasa kwa ncha za vidole kila mahali, huku akiongea peke yake. Kuharibu gari la mteja ni jambo moja. Kuharibu gari la baba mkwe anayekuita mpiga kiwi ni jambo la kuhama mji.

Hofu ya pili ilikuja alipoliosha. Aliniita, na alivyoniita nikaacha mkasi.

"Njoo uone upande wa kushoto."

Nikachuchumaa naye. Kwenye bodi, kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, kulikuwa na michirizi ya rangi ambazo si za gari. Akawa ananionyesha kwa kidole, bila kugusa. "Huu mweupe ni wa geti la kwa Baba. Hii ya kijani, nadhani ni lile pipa la taka la pale konani kwenu. Tazama na rimu, hii njano ni ya ukingo wa barabara. Yote ni mipya, shemeji, hata vumbi halijaingia ndani. Na yote iko kushoto. Kulia hakuna hata mmoja."

"Baba kazeeka. Nani hakwaruzi?"

"Baba hakuwa akikwaruza." Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu anakaa kushoto."

Nilikasirika. Sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa amelisema jambo ambalo sikutaka liwepo. Nikamwambia basi amuulize mwenyewe. Akaniuliza amuulizeje. Nikamjibu: kwa mdomo.

Na kweli alimuuliza. Baba alipopita kesho yake kuangalia kazi imefika wapi, Taratibu alianza kusafisha koo mapema, tangu Baba yuko nje. "Baba, hizi alama za kushoto..."

"Watu wanapaki ovyo. Kazi yako ni kuzitoa au kuzihoji?"

"Kuzitoa, Baba."

"Basi zitoe. Na upesi. Mjukuu wangu anatembea kwa miguu kama hana kwao."

Huo ndio ukawa mwisho wa mahojiano. Lakini kwa Taratibu haukuwa mwisho wa kitu. Dada alinisimulia kwamba nyumbani halali, anakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amemwambia waziwazi: mtoto asipande tena gari la babu yake. Dada akamuuliza ana ushahidi gani. Akasema michirizi. Dada akamwambia, "Unataka nimvunjie Baba heshima kwa sababu ya michirizi? Wewe unaogopa hata pasi iliyozimwa, mume wangu. Safari hii nisaidie, usiogope."

Sikumlaumu dada. Ukiishi na mtu anayeona hatari kwenye kila swichi, huwezi kujua ni lini hatari imekuja kweli. Taratibu mwenyewe alikuwa hajui. Aliniambia, "Labda ni mimi tu, shemeji. Labda ni ule ugonjwa wangu." Uso wake ulikuwa umekonda kwa siku chache hizo.

Kwa hiyo akafanya kitu pekee alichokiweza: akachelewa. Gari likiwa karakana, mtoto anakwenda shule kwa miguu na baba yake, wameshikana mikono, wanavuka barabara kuu kwa kusubiri mpaka Kondakta anapiga miayo. Gari likitoka, mtoto anarudi kwenye kile kiti cha kushoto. Sijawahi kumwona mtu akikausha gari namna ile. Alikausha mpaka matundu ya boliti. Alibandika utepe wa karatasi, akaubandua, akaubandika upya. Michirizi aliitoa mmoja mmoja kwa mkono, akiipuliza. Fundi matairi, jirani yetu mwenye mdomo, akawa anapita na kumuuliza kama gari limelazwa au linatibiwa na kurudi. Taratibu hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikajisikia vibaya.

Lakini kazi, hata ukiichelewesha vipi, ina mahali inapofika. Ikafika kwenye boneti.

Hapa nieleze desturi yake, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Taratibu haanzi kung'arisha gari lolote bila kumwonyesha mwenyewe nusu ya boneti. Anabandika utepe katikati, toka kioo hadi taa, anang'arisha upande mmoja na kuuacha mwingine ulivyo, kisha anamwita mwenye gari. "Angalia, uniambie niendelee au nisiendelee." Asipopenda, hasara ni ya nusu boneti. Wengine huwa hawajibu hata, wanatoa simu na kupiga picha, kwa sababu kwenye ule mstari wa utepe gari moja linakuwa magari mawili, la jana na la siku lilipotoka dukani. Ndiyo raha pekee niliyowahi kumwona akijiruhusu.

Alifanya upande wa kulia. Alitia dawa matone machache kwenye sponji, akaigusisha huku na huku kwanza ili isiruke, ndipo akawasha kwa mwendo mdogo kabisa. Hakusimama mahali pamoja. Mashine ikaenda na kurudi, ikipita kidogo juu ya njia yake ya kwanza, na kila baada ya muda anazima, anapapasa bodi kwa upande wa nyuma wa mkono kuona imepata joto kiasi gani, anafuta, anachutama na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni.  Nilijifanya nashona. Alipofuta mara ya mwisho kwa kile kitambaa laini, mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani wenyewe.

Lilikuwa jekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba gari la Baba lilikuwa jekundu hivyo. Mabati ya paa letu yalionekana ndani yake, na bulbu, na uso wa Taratibu mwenyewe, hauna furaha. Upande wa pili wa utepe, lile waridi la unga.

Baba alikuja baada ya watoto kutoka shule, na Kondakta kamshika mkono. Nilidhani Baba ndiye amemshika mtoto. Walipoingia, mtoto alimwachia akanikimbilia.

"Mama mdogo, nipe vile vipande vya ngozi."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Nipe vipande."

Baba akabaki peke yake mbele ya gari. Taratibu alikuwa ameshaweka mashine chini, amechomoa, amerudi kuhakikisha. Akasema yale maneno yake ya siku zote, na nina hakika hakuwa na nia nyingine, ni desturi tu: "Karibu, Baba. Nimefanya nusu. Angalia, uniambie niendelee au nisiendelee."

Baba akainama. Akageuza kichwa hivi, akakigeuza hivi. Akaupeleka mkono juu ya boneti bila kuigusa, kama mtu anayeota moto, kisha uso wake ukakunjuka.

"Eeh! Hapa sasa! Hii ndiyo nyekundu ninayoijua mimi." Akaangalia alikodhani yuko Taratibu. "Umejitahidi, mkwe wangu. Nilikuwa nikikudharau, lakini umejitahidi. Basi na huo upande mwingine uufanye vivyo hivyo."

Alikuwa akionyesha upande wa unga.

Fundi matairi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko. "Mzee ana utani huyu!" Halafu akaona hatucheki, naye akakatisha.

Mimi nilimtazama Taratibu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akisubiri neno moja jema kutoka kwa Baba, na sasa limekuja, mbele za watu, na limeangukia nusu ambayo hakuigusa. Nilitamani aseme asante yaishe. Kweli kabisa, ndicho nilichotamani. Nilitaka turudi kwenye utani.

"Babu, siyo hiyo!" Kondakta akapaza sauti kutoka magotini pangu. "Nyekundu iko kulia!"

Niliijua sauti hiyo. Nilikuwa nimepanda nao mara moja, nikiwa nyuma na marobota yangu ya ngozi, na mtoto njia nzima alikuwa akipiga kelele hivyohivyo. Babu, mtu! Babu, jiwe kushoto! Babu, nyekundu! Nilimwambia aache kumsumbua dereva. Na Baba, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, alinijibu, "Mwache. Kondakta anafanya kazi yake." Nilidhani ni mchezo wao.

Taratibu naye alikuwa amesikia. Akamgeukia mtoto taratibu, kwa sauti ya kawaida, kama anamuuliza habari za shule. "Mama, kwenye gari huwa unamwambia babu nini?"

"Namwambia vitu."

"Vitu gani?"

"Vyote. Watu, na mashimo, na taa. Nikisema nyekundu anasimama." Akaanza kuchagua vipande vyake vya ngozi. "Siku hizi hakosei sana."

 Baba alikuwa amenyooka, kidevu juu, vile alivyokuwa akisimama zamani askari wa barabarani wakimsimamisha.

"Jua limenipiga machoni," akasema. "Ndiyo maana."

"Tuko ndani, Baba," Taratibu akamjibu.

Kisha akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi kwa baba mkwe wake. Akauchukua mkono wa Baba, ule mkono mkubwa wa malori, akaulaza kwenye boneti, upande wa unga. "Hapa ndipo uliposifu, Baba." Akausogeza polepole, ukavuka utepe, ukaingia kwenye wekundu. Niliona vidole vya Baba vikiteleza. "Hapa ndipo nilipofanya kazi."

Baba alirudisha mkono kule, akauleta huku. Kule, huku. Alipouinua kiganja kilikuwa na vumbi la waridi, akakisogeza karibu kabisa na uso wake, karibu kugusa pua, kukitazama.

"Nilidhani ni kioo," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imeenda sijui wapi. "Wanaacha sabuni, nikasema. Nikabadilisha waipa. Halafu nikadhani ni rangi. Nikadhani ni gari ndilo linalofifia."

Nilitaka kwenda kumshika, nikabaki kwenye cherehani. Taratibu ndiye aliyebaki pale karibu naye, na nilimwona akifuta mikono kwenye suruali ambayo tayari ilikuwa nyekundu. Nilijua anachotaka kusema na nilijua hawezi. Mtu huyu hajawahi hata kumwambia muuza nyanya kwamba chenji imepungua.

"Baba, mwanangu hapandi tena gari unaloendesha wewe."

"Unasemaje?"

"Hapandi."

"Unaniambia mimi? Wewe? Mpiga kiwi?" Sauti ilikuwa imerudi yote. Fundi matairi akarudi nyuma hatua. "Nimeendesha gari kabla hujazaliwa! Nimevuka milima na trela mbili!"

"Ndiyo, Baba." Taratibu hakurudi nyuma. "Nakuambia wewe. Hapandi. Hata ukinikasirikia mpaka nife, hapandi."

Alilisema neno hilo mara mbili tatu, kama anavyofanya kila kitu. Hapandi. Kama anayerudi ukutani kuangalia plagi. Na mimi, niliyemcheka kwa ajili ya plagi hiyo miaka yote, nilikuwa nikimwomba Mungu asije akaishia mara ya pili.

Baba alitia mkono mfukoni. Alikuwa na ufunguo wa akiba; ule mwingine tulikuwa nao karakana. Akautoa, akaushika muda mrefu, akiusugua kwa kidole gumba.

"Na kesho nani atampeleka? Wewe? Si mtafika keshokutwa."

"Tutaondoka mapema," Taratibu akasema.

Alikuwa anajibu kwa dhati kabisa, hakuwa na utani hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililommaliza Baba. Akauweka ufunguo juu ya boneti. Aliuweka upande wa kulia, baada ya kupapasa kwanza kuhakikisha.

Jioni dada alikuja, akalia, akamkasirikia Baba, akamkasirikia mumewe kwa kuwa sahihi, kisha akaanza kupiga simu za hospitali ya macho. Watampokea wiki ijayo. Huenda ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa, huenda sicho; hatujui, na nyumba nzima sasa imeambukizwa ugonjwa wa Taratibu, kila mtu anauliza jambo moja mara mbili.

Boneti hakuna aliyekumbuka kuimalizia. Asubuhi gari lilitoka vilevile, nusu jekundu, nusu waridi, utepe ukiwa bado katikati. Mimi nilikaa nyuma na Kondakta. Baba alikaa mbele, kushoto, juu ya ule mto wa mtoto kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia auondoe. Taratibu alirekebisha kioo cha pembeni, akarekebisha kiti, akarudia kioo. "Shemeji, mlango wako umefunga?" Umefunga. "Umefunga kabisa?" Nikamjibu vizuri, bila kejeli. Sikuwa nayo asubuhi hiyo.

Alikwenda kwa mwendo ambao waendesha baiskeli walitupita wakituangalia.  Mikono ya Baba ilikuwa juu ya magoti, imekunjwa kidogo, kana kwamba usukani bado uko ndani yake. Tulifika kwenye yale makutano ya barabara kuu, yaleyale, Taratibu akasimama. Honi zikaanza nyuma yetu. Nilimwona jasho likimshuka shingoni, nikaona shavu la Baba linacheza, nikangoja afungue mlango ashuke. Hakushuka. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Waache wapige honi wanavyotaka. Wewe ngoja."

Tukangoja mpaka nafasi ikapatikana, tukavuka. Karibu na shule, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akateremka barabarani mbele yetu. Taratibu alikuwa ameshamwona, ameshaanza kupunguza mwendo. Lakini Kondakta, kwa mazoea, aliruka akajiingiza katikati ya viti viwili vya mbele.

"Babu, mtu!"

Mguu wa Baba ukakanyaga kwa nguvu kwenye kapeti, mahali pasipo na breki. Ukabaki pale umekanyaga. Mwanamke alivuka, akapandisha kanga ya mtoto, akaenda zake. Baba akaurudisha mguu polepole, akaugeuza uso wake kwenye kioo cha dirisha.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie baba yako."